Grisi ya Fundi Saa

Fundi saa wa chini ya ngazi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao hauna dawa hospitali yoyote: hakubali kufundishwa. Kazi yake aliijua, hilo hakuna wa kumnyima. Kwa miaka thelathini alikaa kwenye kibanda kile kile, chini ya ngazi za jengo la maduka, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho la kulia, akifungua saa za watu zilizokufa na kuzifunga zikiwa zinatembea. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto hakikuwa na ukucha. Uling'olewa na springi ya saa ya ukutani siku alizokuwa bado anajifunza kazi, na haukuota tena. Watoto walipenda kukitazama, naye alipenda kuwaonyesha.

Sifa yake nyingine ilikuwa kwamba hadanganyi. Saa ikiwa haifai, anakwambia haifai, uende nayo nyumbani watoto wakachezee. Watu walitoka mitaa ya mbali kumfuata kwa sababu hiyo, na yeye mwenyewe alilijua hilo, akalivaa kama koti la sikukuu.

Basi, mpwa wake, binti wa dada yake mdogo, akapata nafasi ya kujaribu bahati. Alikuwa na miaka kumi na saba, na nyumbani walimwita Bata kwa jinsi alivyokuwa akishinda ziwani. Alikuwa anapiga kasia kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mashindano ambao ukikohoa vibaya unapinduka. Shule moja ya michezo ilikuwa inachukua vijana wachache, na ilitaka video: dakika kumi bila kukatwa, kamera ikae mbele ya mtumbwi, mabega na kasia vyote vionekane. Simu walishaijaribu. Waliifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nayo ikapiga picha nzuri sana za nailoni.

"Mjomba," Bata alimwambia, "mama yuko zamu wiki nzima. Twende mimi na wewe tukachague kamera. Wewe si ndiye unayejua vitu vya kuingia majini?"

Fundi akavimba kichwa hapo hapo. Ni kweli alikuwa anafunga saa za waogeleaji, na hakuna iliyowahi kurudi na maji.

Duka la kamera lilikuwa mlango wa nne kutoka kibanda chake. Mwenye duka, ambaye kila mtu alimwita Bosi, walijuana naye miaka ishirini. Hata saa ya mkononi mwake ilikuwa inapita kwa Fundi kila mwaka kusafishwa. Siku hiyo duka lilikuwa limejaa. Kaunta ilikuwa na binti wa miaka ishirini na kitu, nywele kazibana kisogoni, kalamu kaichomeka sikioni.

"Karibu mzee," alisema. "Nikusaidie nini?"

Bata akaeleza shida yao. Binti yule akatoa kamera tatu ndogo, kila moja ya kutosha kwenye kiganja, akazipanga juu ya kioo.

"Hii inaingia majini hivi hivi, bila kasha, na picha haitikisiki hata mtumbwi ukirukaruka."

Fundi akaangalia kibandiko cha bei, akapata kikohozi.

"Nimekuelewa mzee," yule binti akacheka. "Sasa hii ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote. Boksi lake limeandikwa makubwa, ila nisiwafiche, nusu ya hayo ni maneno matupu. Jua likipiga kwenye maji, uso wa mtu unakuwa kama umepakwa unga. Ningekuwa mimi, ningechukua ya katikati. Yenyewe haiwezi maji, lakini kasha lake linaweza. Picha inatulia, betri ziko mbili."

"Na sauti?" Bata akauliza.

"Ndani ya kasha sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mnaihitaji?"

"Wanataka mabega tu."

"Basi ya katikati inawatosha kabisa." Akafungua kasha lake la plastiki, akaonyesha mpira mwembamba uliozunguka mlango. "Ila mzee, kuna jambo moja. Huu mpira ndio kila kitu. Usiupake kitu chochote, mafuta wala grisi. Suuza kwa maji safi, uache ukauke wenyewe. Na kabla ya kwenda ziwani weka tishu ndani, bila kamera, funga, zamisha kwenye beseni nusu saa. Tishu ikitoka kavu, nendeni."

Mteja mmoja nyuma yao akacheka. "Fundi, leo umepata mwalimu!"

Na wengine wakacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kawaida tu, cha watu wanaojuana, lakini Fundi kilimchoma.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "mimi nimefunga saa za wapiga mbizi kabla wewe hujaota meno."

"Sikatai mzee. Ila mpira wa saa na huu si ndugu."

Alilisema kwa adabu, na ndiyo maana likamuuma zaidi.

Kesho yake mchana, kibandani, Fundi akaitoa kamera kwenye boksi. Akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikaanza kupepesa, akafurahi kama mtoto. Akaisimamisha mezani kwenye kisimamio chake kidogo, halafu akatafuta kitufe cha kuizimia, hakukiona, akaiacha ijipepesee. Akachukua kasha. Akaupitisha mpira kati ya vidole. Mkavu! Mikono ya miaka thelathini haikuweza kuvumilia mpira mkavu. Akafungua kikopo chake cha grisi, akachovya, akapaka taratibu kuzunguka mlango wote, akafuta iliyozidi kwa kitambaa chake cha kazini, akafunga kasha. Mlango uliitika kwa mlio laini wa kumridhisha. Habari ya tishu na beseni aliiona mchezo wa kitoto, akaiacha.

Jumamosi wakaenda ziwani. Bata akafunga kamera mbele ya kayaki, akaiwasha, akaondoka. Alipiga kasia vizuri siku ile kuliko siku zote. Hata Fundi, ambaye hajui lolote la kasia, aliliona hilo kutoka kwenye gati. Binti akaenda mpaka kwenye boya la mbali, akazunguka, akarudi akihema na kucheka.

"Dakika kumi na mbili, Mjomba! Sikusimama hata mara moja!"

Kisha akainama kutazama kamera, na kicheko kikakatika. Ndani ya kasha maji yalikuwa yanakwenda huku na huku kama kwenye pimamaji ya mwashi. Taa nyekundu ilikuwa imezimika.

"Lete hapa," Fundi akasema.

Akageuka kidogo, akafungua kasha, akaona mara moja. Mpira ulikuwa umevimba upande mmoja, umetoka kwenye mfereji wake, na katikati ya grisi ulinasa uzi mweupe wa kitambaa, mrefu kama kope. Kitambaa chake cha kazini. Maji yalipita hapo. Fundi hakuhitaji kioo cha kukuzia kuyaelewa hayo. Akauvuta ule uzi kwa ncha ya kidole, akautia mfukoni, akafuta grisi kwa pindo la shati.

"Mjomba," Bata aliuliza nyuma yake, machozi yameshamjaa, "kwani wametuuzia kitu kibovu?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Palikuwa hapo, na si pengine, na alikuwa na muda wa kutosha, maana binti alisubiri jibu huku akifuta pua kwa mkono. Neno lilimfika Fundi kwenye ulimi. Akaona uso wa mpwa wake ukimtazama kama unavyomtazama mtu anayejua vitu vya kuingia majini, akalimeza.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Wametuuzia kitu kibovu."

Waliingia dukani mchana ule ule, na duka lilikuwa limejaa. Fundi aliweka kasha juu ya kioo kwa kishindo. Mtu mwenye kosa ndiye hupiga kelele kuliko wote, na siku ile alizipiga kwelikweli. Yule binti wa kaunta alilichukua kasha, akalitazama, akalinusa.

"Mzee, mpira huu uliupaka kitu?"

"Sikuugusa!"

"Unanuka grisi."

"Unaniita muongo? Mbele ya watu? Mimi?"

Bosi akatoka chumba cha nyuma. Alimtazama Fundi, akamtazama mfanyakazi wake, na wala hakulinusa kasha.

"Huyu mzee mimi namjua," alisema. "Muombe radhi."

"Bosi, nanusa grisi. Nusa na wewe."

"Nimesema muombe radhi."

Duka zima lilimgeukia yule binti. Akachomoa kalamu sikioni, akaiweka juu ya kaunta, akasema polepole, "Siwezi kuomba radhi kwa jambo nililoliona."

"Muongo na jeuri," mteja mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Fundi alitoka na kamera mpya na kasha jipya. Kabla wiki haijaisha, kwenye kaunta akaonekana kijana mwingine.

Video ikapigwa, dakika kumi na moja bila kukatwa, ikatumwa kabla siku za kuipokea hazijaisha. Kasha lile la pili Fundi hakuligusa hata kwa kidole. Alimwambia Bata azamishe tishu kwenye beseni, na alipolisema hilo alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Dada yake alipotoka zamu alikuja na chai kumshukuru. "Umetupigania, kaka," alisema. "Wengine wangekubali kula hasara." Fundi akajibu kwamba chai ina sukari nyingi. Haikuwa na sukari kabisa.

Tangu hapo akaanza kupita mlango wa nyuma wa jengo ili asilione duka. Aliona haya hata kufungua kikopo cha grisi mteja akiwa mbele yake. Uzi ule ulikuwa bado mfukoni mwa shati, na shati lenyewe alilitundika asilivae tena. Alikuwa akijiambia kwamba binti ni kijana, atapata kazi nyingine, vijana hawakosi. Halafu akajisikia anavyojisemea, akajichukia.

Siku ya kumi na tatu, saa tisa alasiri, kivuli kikasimama mbele ya kibanda. Fundi akainua macho. Alikuwa yule binti. Hakuwa na kalamu sikioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Sauti ilimtoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Sitakaa. Ile kamera iliyoingia maji ilikatwa kwenye mshahara wangu, kwa hiyo nikaichukua, ni yangu. Nikaanika kadi yake ya kuhifadhia picha. Imepona." Akaweka juu ya meza kadi ndogo kama ukucha wa mtoto. "Kuna dakika nne za mwanzo za mdogo wangu yule. Nzuri sana. Nikaona si haki nikae nazo."

"Asante, binti yangu."

"Na kuna nyingine kabla ya hiyo. Ndefu."

Fundi hakuelewa kwanza. Kisha akaikumbuka taa nyekundu, ikipepesa mezani, pale pale ilipowekwa kadi sasa.

"Uso hauonekani," binti aliendelea, bila hasira yoyote, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Ni mikono tu, na kikopo, na mpira. Lakini mimi nimewahi kuitazama mikono hiyo. Iliwekwa juu ya kaunta yangu."

"Kwa nini hukumpelekea Bosi?"

"Angesema nimeitengeneza. Siku ile jioni nilimsihi tena, nikamwambia kasha linanuka grisi. Unajua alinijibu nini? Alisema, yule mzee namjua miaka ishirini, hajawahi kumdanganya mtu hata kuhusu betri."

Fundi akatazama mikono yake. Jina lake jema, alilolijenga saa moja baada ya nyingine, ndilo lililomwangukia mtoto wa watu kichwani.

"Umebaki na nakala?" aliuliza, na papo hapo akatamani ardhi ipasuke imeze kibanda na yeye ndani.

Binti alimtazama kidogo. "Sikubaki nayo," alisema, akaaga, akaenda zake.

Angeweza kuivunja ile kadi kwa koleo. Koleo ilikuwa karibu. Wacha niseme ukweli wote: aliishika. Akaishika, akairudisha kwenye ndoano yake, akafunga kibanda mapema na kwenda kwa dada yake, kwa kuwa hakuwa na chombo cha kufungulia kadi na hakutaka kupata mwanya wa kubadili nia. Bata alikuwa uani anasugua kayaki.

"Ipo video yako humu," alimwambia. "Lakini anza na ile ya kwanza."

Bata akaichomeka kwenye simu. Wakasimama bega kwa bega. Kwenye kioo ikatokea meza, kikopo, mikono miwili, kidole gumba kisicho na ukucha kikizunguka juu ya mpira, taratibu, kwa ustadi mkubwa. Fundi hakuwahi kujiona akifanya kazi. Ilikuwa kazi nzuri, kazi ya kosa kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hii si mikono yako?"

"Ni yangu."

Bata akatazama mpaka kasha likafungwa. "Kwa hiyo yule dada alikuwa anasema kweli."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuuliza. Pale gatini, nilikuuliza wewe."

"Uliniuliza, mwanangu. Nikakudanganya."

Alitegemea atalia au atapiga kelele. Bata aliirudisha simu mfukoni, akachukua tena kitambaa chake, akasugua mahali ambapo palishang'aa. "Kesho nitakusindikiza," alisema, bila kumwita Mjomba.

Walikuwa mlangoni mwa duka saa mbili asubuhi, ndio kwanza pazia la chuma linapandishwa. Saa hiyo Fundi aliichagua mwenyewe. Alijiambia ni kwa sababu Bosi anakuwa na nafasi. Kijana wa kaunta alikuwa ametumwa stoo, hakukuwa na mteja hata mmoja.

Bosi aliitazama video akiwa amesimama. Ilipokwisha akasema, "Mzee, hapa sioni uso wa mtu."

Fundi akaweka mkono wa kushoto kando ya simu, kidole gumba juu. "Ni mimi. Nilipaka grisi baada ya kukatazwa. Nikaona kosa langu kule kule ziwani, nikaja kumsingizia msichana wako."

Bosi alipoongea, hakuongelea kamera.

"Saa yangu bado iko kwako?"

"Iko. Imebaki kufungwa tu."

"Nitakuja kuichukua. Usiifunge."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Maneno mawili yale yalimwingia kuliko matusi ambayo angetukanwa, maana ndiyo yalikuwa haki yake.

Bosi akapiga simu, akaiweka kwenye spika juu ya kioo. Alijikanyagakanyaga, akasema mzee amekuja, amesema yote, kazi yako ipo, uje hata leo.

"Dukani kuna watu?" sauti ya binti ikauliza.

"Hapana, ndio tunafungua. Yupo mzee na mpwa wake."

"Waliosikia nikiitwa muongo na jeuri walijaa mpaka mlangoni, Bosi. Leo wanaosikia ni wawili." Akavuta pumzi. "Nitakuja saa tano. Saa tano panakuwa na watu. Mwambie mzee, kama anaweza, anisubiri."

Simu ikakatika. Bosi akamtazama Fundi. Bata naye akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa anasubiri kitu kutoka kwake.

"Nitasubiri," Fundi akasema.

Kulikuwa na stuli moja ya wateja karibu na kaunta. Akaikalia. Saa tatu wakaingia watu wawili waliokuja kupiga picha za vitambulisho, wakamwamkia kwa heshima, wakamuuliza leo vipi kibanda kimefungwa. Saa nne akaingia yule mteja wa siku ile, mcheshi, akasema, "Fundi, umerudi darasani?" Watu wakacheka. Mikono ya Fundi ilikuwa mapajani, na alijikuta anakificha kidole gumba ndani ya ngumi. Bata akaliona hilo. Alitazama pembeni tu, na Fundi akaufungua mkono.

Ilipofika saa tano duka lilijaa. Mlango ukafunguliwa, binti akaingia, nywele kazibana kisogoni. Akapita katikati ya watu, akazunguka kaunta, kijana yule akampisha. Kalamu ilikuwa bado pale alipoiacha. Akaichukua, akaichomeka sikioni, akaweka viganja juu ya kioo, akainua macho.

"Karibu mzee," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Nikusaidie nini?"

Fundi akasimama, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kaunta mahali ambapo kila mtu angeuona, akaanza kusema.